Lugha Yetu Iliyofika Iringa Kabla Yangu

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya barua ya mistari miwili. Ludoviko aliniandikia kwamba wazee wamemtafutia mchumba, ndoa ni mwisho wa mwezi. Hakuniomba niende. Nikasema, hata! Neno hilo nitalisikia kinywani mwake.

Johanesibagi tuliishi pamoja miaka minne, tukichimba dhahabu. Jumapili tulikwenda mjini kwa wanaume waliopenda wanaume, kama sisi. Walitufundisha lugha yao ya siri: ukiisikia utasema Kizulu, lakini Mzulu wa kawaida haambulii kitu. Polisi alisimama mlangoni nasi tukapanga mambo yetu mbele ya pua yake.

Kabla ya Sao Hill basi lilichemka. Tukashuka kusukuma kwenye baridi. "Bwana wee, unasukuma kama unakwenda kuposa!" abiria mmoja akanitania. Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Iringa niliingia kesho yake mchana. "Kamwene," baba yake Ludoviko akanipokea kwa salamu ya kwao. Mzee huyo naye aliwahi kwenda mgodini kulekule kusini ujanani, lakini sikumhofu. Wazee wale wa migodini walijua lugha ya kazi tu, ya beba na sukuma. Ludoviko alikuwa akipukuchua mahindi pamoja naye. Nikaketi, nikashika hindi, nikamuuliza kwa lugha yetu kama anamtaka huyo binti.

"Simtaki," akajibu kwa lugha hiyohiyo, macho chini. "Lakini baba atakufa kwa aibu."

"Mbeya nina chumba na cherehani. Twende kesho."

"Naogopa."

Mzee aliendelea kupukuchua. Nilimdharau kidogo, Mungu anisamehe.

Asubuhi Ludoviko hakuonekana nyumbani. Mzee ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye basi, amenibebea kikapu. Niliumia, jamani, nikajikaza nisilie mbele yake.

"Kwa heri, baba."

Akanishika mkono. Akanijibu kwa lugha yetu, polepole, kwa matamshi ya kizamani:

"Yuko nyuma ya lile duka, ana sanduku lake. Wazazi wa binti nitawaomba radhi mwenyewe. Mimi hakuna aliyekuja kunifuata."

Mbeya tulirudi wawili. Mzee hutuandikia kila mwezi, barua ndefu, kwa lugha ile. Tangu arudi kutoka kusini hakuwahi kupata wa kuzungumza naye.