Kichupa Kisichoganda

Mama yangu huuza barafu za ukwaju pale Langoni, na friza lake hulienzi kuliko anavyonienzi mimi. Umeme wa maabara ninayofanyia kazi ulipokatika, nilikimbilia kwake na kichupa changu cha kingamwili, kidogo kama ncha ya kidole. Sikuwa na kingine.

"Mbona hakigandi?" Mama akafoka kesho yake, kichupa mkononi. "Friza langu halijashindwa na kitu!"

Nikamweleza. Kimetiwa glisarini ya kuzuia kuganda, ndiyo maana. Kazi ya kingamwili ni kutafuta kipokezi, protini iliyo juu ya seli ya binadamu kama mlango wa nyumba. Kingamwili hii huipita milango yote ya mtaa wa Mkomani ikaung'ang'ania mmoja tu. Tukiitia rangi, mlango ule hung'aa chini ya hadubini, hata uwe umejificha vipi.

Kumbe jirani yetu yuko barazani anangoja barafu, masikio wazi. Naye siku zile hakuwa akilala. Mumewe alikuwa amezuka na marashi mapya na safari za Mkomani kila alasiri, na watu walikuwa wakimtaja mjane mmoja.

"Mwanangu, nipe tone moja."

"Bi, hii ni ya seli, si ya waume."

"Kwani mume wangu hana seli?"

Akaanza kulia. "Wambea wote wa mji wajua, mimi tu sijui. Nataka kujua, basi!" Nilimwonea huruma sana, lakini tone sikutoa.

Mama ndiye aliyechukua kichupa kitupu cha wanja, akakijaza maji ya chumvi mbele ya macho yangu.

"Astaghfirullah, Mama!"

"Nyamaza wewe. Huyu hataki dawa, ataka fimbo." Akamnong'oneza jirani maneno, wote wawili wakacheka kichinichini.

Alasiri ile mume alipokuwa akijifukiza udi atoke, jirani alimpaka maji yale kwenye kola ya kanzu. "Ni ya maabara," akamwambia. "Mwanamke mwingine akikugusa hapa, kesho yule msichana wa jirani ataona paking'aa." Bwana alicheka, akashika ndia ya Mkomani.

Asubuhi jirani alikuja na kanzu ile, mbichi bado. Kola ilikuwa imesuguliwa hadi nyuzi zimetoka.

"Tangu anioe hajafua hata leso," akasema. "Jana alirudi akaniuliza sabuni iko wapi."

Mama aliangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia. Jirani naye alicheka, akacheka, kisha akaitazama ile kola.

"Basi imeng'aa," akasema.

Mama akampa barafu. Hakuipokea. Alikuwa anaikunja kanzu taratibu, mikono kwanza, kama wakunjavyo nguo za safari.

"Yuwapi mjane wake? Mlango wa ngapi?" akauliza. "Nampelekea. Ampendaye na ampigie pasi."