Jozi Sabini na Tatu Zisizo na Wenyewe

Viatu mia moja arobaini na tano vimelala juu ya turubai, vimeoshwa vinang'aa, na hakuna anayejua kipi ni mwenza wa kipi, wala cha mtoto gani.

Ni Alhamisi asubuhi. Sherehe ya watoto ni Jumamosi saa nne.

Fundi viatu, mwanamume wa miaka hamsini na sita ambaye mtaa mzima unamwita Soli, amesimama kando ya turubai mikono kiunoni. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, nesi mstaafu mwenye sauti ya wodini, anasubiri kushukuriwa.

"Fundi, si unaona vilivyotakata? Tumeviosha akina mama sita, tangu jana. Mfadhili anakuja na mpiga picha."

"Naona, mama. Nyayo ziko wapi?"

"Nyayo zipi?"

"Vile vipande vya boksi. Nilitia kimoja ndani ya kila kiatu cha kulia."

"Aa, yale makaratasi? Tuliyatupa. Tulidhani umejazia ili viatu visibonyee."

Soli anavuta ndoo, anaipindua, anaikalia.

Huu ni mwaka wa tisa. Kila mwaka unapoelekea kwisha, watu wa mtaa hukusanya viatu vya watoto wao vilivyochoka, na Soli huvishona bure kwa ajili ya watoto wasio na wa kuwanunulia. Wengi ni yatima wanaoishi kwa bibi na shangazi. Safari hii wako sabini na watatu. Kazi imemchukua wiki sita, jioni baada ya wateja. Siku nzuri hupata wateja wanane, siku mbaya wawili, na siku mbaya ndizo nyingi.

Ana utaratibu wake. Mtoto hukanyaga kipande cha boksi, yeye huchora mguu kwa penseli, hukata, huandika jina. Unyayo huo ndio unaotafuta kiatu ndani ya lundo, mpaka kipatikane kinachouacha na nafasi ya dole gumba. Kisha jozi hufungwa kamba pamoja. Mtoto mwenyewe haulizwi kitu.

Kamba zote zimefunguliwa zikaoshwa kwenye beseni la pekee. Zimeanikwa pembeni kama tambi.

"Sasa si jambo la kununa," anasema mwenyekiti. "Siku yenyewe kila mtoto atajaribu mpaka apate kinachomtosha. Tutawauliza."

"Utawauliza?"

"Kwani wana mdomo wa nini?"

Soli anavua kandambili na kunyoosha mguu wa kushoto. Kidole kidogo kimempanda jirani yake mgongoni, kimelala hapo.

"Nilikuwa na miaka minane," anasema. "Sherehe kama hii hii. Bwana mmoja akanivisha viatu, akaniuliza mbele za watu kama vinanitosha. Nikasema vinanitosha. Ningesema nini, na foleni ile nyuma yangu? Nilivivaa mwaka mzima. Zawadi yangu ninayo mpaka leo, mama. Hii hapa."

Mwenyekiti anakitazama kidole kama nesi, kisha anatazama pembeni.

Aliyebaki kuambiwa ni mkewe. Walikuwa wamekata tiketi za basi la Ijumaa saa moja asubuhi, kwenda kumwona mama mkwe. Miaka miwili hawajamwona.

Mkewe anamkuta amepiga magoti katikati ya viatu.

"Basi ni kesho," anamwambia.

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu miguu sabini na tatu sina."

"Na mama yangu ana miguu mingapi?"

Anamwomba aende peke yake.

"Niende peke yangu nikamwambie mkwewe amebaki kupima miguu ya watu? Sogea huko." Naye anapiga magoti. "Wanawake sita, hata mmoja hakujiuliza boksi lenye jina la mtoto linafanya nini ndani ya kiatu. Nipe hicho cha bluu."

Soli husema mshono wake anaujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Kiatu cha kushoto akikishona siku ya uchovu, cha kulia nacho hubeba mshono wa uchovu huo huo. Hadi adhuhuri wamepata jozi sabini na mbili. Kimebaki kiatu kimoja, chekundu, cha kushoto.

"Cha kulia kiko wapi?"

Mama mmoja wa kamati anakohoa. "Kuna mbwa alipita tulipoanika. Tulidhani amebeba ndala."

"Mlidhani," anasema mkewe Soli. "Nyie mna kazi kubwa ya kudhani."

Kazi ya kupima upya inaanza mchana huo na kuendelea Ijumaa hadi alasiri, nyumba hadi nyumba. Boksi kwapani, penseli sikioni, goti la kulia likilalamika kila anapoinama. Basi la saa moja linaondoka akiwa kwenye nyumba ya kumi na tisa. Anasikia honi, wala hainui kichwa.

"Simama. Kanyaga. Usiegemee. Mwingine."

Katika chumba kimoja cha uani, msichana wa miaka tisa anayelelewa na shangazi yake anakanyaga boksi, na Soli anasita. Mguu umejikusanya. Anaugonga kwa penseli.

"Mjukuu wangu, kunjua vidole."

"Nimekunjua, babu."

"Hivi vimelala usingizi? Kunjua."

Anavikunjua, taratibu, akimtazama shangazi yake.

"Ulivikunja kwa nini?"

"Mara ile ulisema vyangu ni vile vyekundu," anasema msichana. "Nikaogopa mguu umekua."

Shangazi anacheka, kisha anaacha. Anaeleza kwamba mwaka jana mtoto huyu alisoma muhula mzima kwa kandambili za kiume, na mwalimu alikuwa akimweka nyuma ya mstari ili asionekane.

Soli anachora. Mguu haujakua kuzidi kiatu. Kiatu ndicho ambacho hakipo. Anakunja boksi lake na kuaga.

Ngozi nyekundu hana. Anarudi nyumbani Ijumaa alasiri na kuanza kupekua mabaki: nyeusi, kahawia, nyeusi. Anafikiria kupaka rangi, anajua itachubuka kabla shule hazijafunguliwa. Mkewe anamtazama akizunguka. Kisha anaingia ndani, anatoka na mkoba wake mwekundu, ule aliokuwa ameshaupanga kwa safari. Anamwaga vilivyomo kitandani na kuurusha mezani.

"Kata."

"Mama watoto."

"Kata, Soli. Ningeenda nao wapi?"

Anakata kwa kufuata kile cha kushoto. Ngozi ya mkoba ni nyembamba, kwa hiyo anaitia bitana. Shazia tatu, sindano zake nene za kushonea ngozi, zinavunjika. Jua linapozama kiatu cha kulia kimekamilika, chekundu zaidi kidogo kuliko mwenzake. Ukikijua utakiona. Usipokijua hutakiona.

Jumamosi saa nne watoto sabini na watatu wanavaa viatu, kila mmoja kwa unyayo wake mpya wenye jina, na hakuna anayeulizwa kama vinamtosha. Msichana wa vyekundu anatembea hadi ukutani na kurudi, mara nne. Mfadhili anahutubia. Mwenyekiti anawashukuru akina mama sita kwa kuosha viatu. Mpiga picha anapiga nyuso. Miguu haimo katika picha hata moja.

"Mwakani tena, fundi," mwenyekiti anamwambia akikusanya viti. "Na kuosha tutaosha mapema zaidi."

Soli anaanza kukusanya vifaa vyake.

"Mwakani jina na kipimo nitavichoma ndani ya soli kwa msumari wa moto," anasema. "Muoshe mpaka mchoke."

Anafunga vifaa vyake na kuondoka kabla soda hazijagawiwa.

Kibanda chake kilifungwa siku mbili na nusu, zile ambazo kila mtu anataka kiatu kabla ya sikukuu. Kinyozi wa jirani aliwahesabu wateja waliokuta mlango umefungwa: kumi na tisa. Shazia tatu. Goti moja, ambalo mpaka simulizi hii inaandikwa lilikuwa bado limevimba. Tiketi mbili za basi, ambazo hazirudishwi. Mkoba mmoja mwekundu. Na mama mkwe, ambaye hawajamwona kwa miaka miwili, na nauli nyingine hawatarajii kuipata kabla ya mwaka mwingine kwisha. Itakuwa mitatu.