Farasi Aliyevutwa Miguu

Juzi, kwenye mapumziko kazini Kista, huku kwa Waswidi, nilimtazama kwenye simu mzee aliyewahi kutengeneza filamu za kauboi. Alieleza walivyofunga waya miguu ya mbele ya farasi ili waanguke mbele ya kamera, na wengine wakavunjika shingo. Alieleza huku akitabasamu. Hasira ilinipanda.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Vällingby. Sebule ilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na makoti yaliyolowa theluji. Farasi alipobiringika kwenye televisheni, mimi na kaka yangu tulipiga makofi. Shangazi Furaha, aliyekua akichunga ng'ombe kule Masisi, kwetu asili, aliinuka akaizima.

"Yule mnyama hakujikwaa," alisema. "Amevutwa miguu."

"Ni filamu tu," nilimjibu kwa Kiswidi, nikijua haelewi, nasi tukacheka. Niliamini farasi wale walifundishwa kuanguka, kama sisi tulivyofundishwa kuogelea.

Jioni ile ya juzi nilimpigia simu Shangazi, nikamwambia alikuwa amesema kweli.

"Nilijua," alisema. "Kilichoniumiza ni kicheko chenu."

Hakukata simu. Alisubiri nijibu.