Tulivyomnyamazia Mama Verlene

Verlene Tuggle alikuja chuo chetu cha theolojia akiwa na miaka hamsini na mitatu, baada ya kufua mashuka ya hospitali huko Georgia kwa miaka ishirini na miwili. Kanisa lake dogo lilimtaka awe mchungaji, lakini wakubwa wa dhehebu walisema bila cheti hawekewi mikono. Weusi tulikuwa tisa kati ya wanafunzi mia mbili na ushei, na chumba chetu cha kukutania, chenye jiko lake, kilikuwa chini kabisa, kando ya mabomba ya joto. Wiki ya kwanza tu akalitwaa jiko. Kila Ijumaa tukawa tunakula kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, na nikichelewa ananiambia, "Thaddeus, neema ipo, samaki hakuna."

Kwetu, makanisani mwa Weusi, mhubiri hahubiri peke yake. Watu humwitikia: "Sema, mama!" "Naam!" Akikwama, humwombea kwa sauti, "Msaidie, Bwana." Wakinyamaza kabisa, maana yake ni moja: umepotoka, kaa chini. Nililelewa hivyo hivyo, kwa hiyo sina pa kujificha.

Kabla ya mtihani wa mahubiri wa Mama Verlene, Profesa Aldersey, aliyeusimamia, aliniita ofisini, maana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa wanafunzi Weusi. Alikuwa mzungu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Zile kelele zenu," akasema, "zinambeba mhubiri isivyo haki. Mkiitika, nitampunguzia alama anayehubiri."

Ningeweza kumbishia. Badala yake nikarudi chini kuwaambia wenzangu.

"Tufunge midomo, dakika ishirini tu," nikasema. "Tusimponze mama wa watu."

"Tumwambie?" akauliza Rochelle.

"Ya nini? Atatetemeka bure."

Ujinga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Siku yenyewe Mama Verlene alihubiri juu ya Hajiri jangwani. Alianza vizuri, akafika pale ambapo kanisa zima lingesimama, akatua.

"Kuna anayenisikia?"

Wazungu wakaandika kwenye madaftari yao. Akatugeukia sisi. Nikatazama viatu vyangu. Akajaribu tena, sauti imepungua, na hata "Msaidie, Bwana" hatukumpa. Dakika ya saba akafunga Biblia, akasema, "Nisameheni," akakaa.

Alifeli. Kurudia ni mpaka mwaka ujao, na kanisa lake halikungoja. Likampa mimbari kijana mwenye cheti.

Nilimkuta jikoni anafungasha masufuria yake. Nikamweleza yote, haraka haraka, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Alama ngapi?" akauliza.

"Hakusema, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akacheka kicheko kibaya. "Yaani mmeniokoa na alama msizozijua idadi."

"Tulikuwa tunakulinda, mama. Huyu mzungu ndiye..."

"Mwache mzungu wa watu!" Akapiga kifuniko cha sufuria mezani. "Yule darasani kwake ni kimya tangu Januari, na mimi nahubiri tu. Kimya chake hakinihusu, sikijui. Chenu nakijua tangu nina miaka minne. Yeye angekesha mwaka mzima asijue pa kunishika nianguke, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwonyesha."