Siku Tuliyouitikia Moto kwa "Amina"

Harufu ya petroli haikumshtua mtu kanisani kwetu. Pale Tunduma, mpakani na Zambia, malori ya kuvuka mpaka yalipanga foleni mpaka mbele ya uwanja wetu, na kiangazi kile umeme ulikatika karibu kila Jumapili, basi wazee wa kanisa wakanunua jenereta. Wakaiweka wapi? Barazani, ubavuni mwa mlango mkubwa, eti isiibiwe. Mlango mdogo wa karibu na madhabahu ulikuwa na kufuli tangu kinanda kilipoibwa, na ufunguo wake ulishinda mfukoni mwa Mzee Simbeye, mwenyekiti wa wazee. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Nilikuwa darasa la nne, na hata mimi niliona kwamba tumejifungia wenyewe kama kuku.

Shangazi Tusekile, aliyenilea, alikuwa mhudumu wa mlangoni, na jambo hilo alilisema mpaka watu wakamchoka. Jumapili moja alimkabili Mzee Simbeye mbele yangu.

"Mzee, mlango mkubwa ukizibwa, tutatokea wapi?"

"Mama, nyumba ya Mungu inalindwa na Mungu."

"Basi kufuli la nini?"

Mzee alicheka, akamshika bega, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa. Tena kengele yetu, rimu ya lori iliyoning'inizwa uwanjani, iligongwa kwa kila jambo: ibada, msiba, mazoezi ya kwaya, hata mbuzi wa mtu akipotea. Shangazi aliomba iwekwe namna moja ya kuigonga kwa hatari tu. Wakamwambia wataliombea.

Siku yenyewe mhubiri alikuwa akiomba moto wa Roho Mtakatifu utushukie, na mahubiri yalikuwa yamepamba moto. Fundi wa vyombo, asitake spika zizimike, alimimina petroli kwenye jenereta ikiwa bado inaunguruma. Ndimi za moto zikaruka mpaka kwenye mapazia ya mlango. Shangazi, aliyekuwa nje, alikimbilia rimu akaigonga kwa nguvu zake zote. Ndani tukadhani ni shangwe, tukapiga makofi zaidi. Akaja dirishani, akashika nondo, akapaza sauti: "Moto! Jamani, moto!" Na kanisa zima, mikono juu, likaitikia: "Amina! Ushuke!" Nami niliitikia. Mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Moshi ndio uliotuelewesha. Watu walikimbilia madhabahuni kwa pamoja, wakaufikia mlango mdogo, wakakuta umefungwa kufuli kwa nje, na mbele yake spika zimerundikwa. Mzee Simbeye alikuwa Vwawa kwenye harusi, ufunguo mfukoni. Mtu alikanyaga mkono wangu. Nikamwona Bibi, mama yake Shangazi, akiangushwa na benchi, nami siwezi kumfikia. Huko nje Shangazi alikuwa amekwisha kukimbilia kwenye foleni ya malori. Alirudi na madereva wawili wa Zambia wenye mtaimbo, wakalivunja kufuli, mlango ukafunguka. "Mwebantu, fumeni!" mmoja wao alitupigia kelele kwa Kibemba, yaani watu, tokeni, na mara hiyo hakuna aliyejibu amina, tulitoka, tukikohoa, tukikwaruzana. Bibi alibebwa mgongoni na dereva. Hakufa mtu. Lakini nyonga ya Bibi ilivunjika, hakutembea tena bila kushikwa.

Jumapili iliyofuata tulifanya ibada ya shukrani, chini ya turubai. Mzee Simbeye alitoa ushuhuda mrefu wa jinsi Mungu alivyotuokoa. Madereva hawakutajwa. Baada ya ukarabati mlango ule ulitiwa kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Shangazi alimhudumia Bibi nyumbani mwezi mzima.

Sasa mimi ni mama wa watoto watatu, na kanisa letu ni la ghorofa. Tuna kundi la simu la kutoa tahadhari, ambalo kutwa linajaa picha za maua na salamu za asubuhi. Juzi mchungaji mpya, kijana mwenye nia njema, alitangaza zoezi la kutoka kwa dharura. King'ora kilipolia, nusu ya waumini walibaki wameketi wakihofia kunyang'anywa viti; wengine wakarekodi video; mama mmoja akaniuliza kama chai imekuwa tayari. Nilisukumana nao kwenye ngazi, nikiwavuta wanangu. Tulipofika uwanjani nilimkuta Shangazi, mzee sasa, fimbo mkononi, amesimama peke yake juani. Alikuwa ametoka wa kwanza, na alikuwa akitusubiri.