Pima Ilivyokataa Mavuno ya Makutupora

Miaka ile ya soko huria, mwenye chumba cha barabarani alifungua duka, na mwenye chumba cha uani alifungua chuo. Chuo chetu pale Dodoma mjini kilikuwa cha uani. Tulikuwa na kompyuta nne kuukuu kutoka ng'ambo, kioo cheusi na maandishi meupe, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha kuandika programu.

Kusahihisha sikupendi hata kidogo. Kwa hiyo nilitunga programu ndogo nikaiita pima. Mwanafunzi aliandika neno hilo, akafuatisha jina la programu yake, akabonyeza kitufe. Pima iliipa programu ile namba za majaribio, ikalinganisha majibu yake na yale niliyoyaficha, kisha ikaandika SAWA au HAPANA. Basi. Kosa liko wapi, haikusema. Niliipenda kupita kiasi, na niliwatangazia wanafunzi kwamba pima haina upendeleo.

Ukaja mwaliko wa mashindano Dar es Salaam, nafasi moja tu kwa kila chuo. Tukafanya mchujo wa maswali matatu: atakayepata SAWA zote kwanza ndiye anayekwenda. Wote tulijua atakuwa nani. Alikuwa msichana wa Makutupora, mtoto wa wakulima wa zabibu, mwepesi kuliko wenzake wote. Alikuwa ameshaazima begi la safari kwa shangazi yake.

Swali la tatu nililitunga ili kuwafurahisha wenyeji. Mkulima wa Makutupora ana mizabibu kadhaa, kila mzabibu unatoa kilo kadhaa kila anapovuna. Atapata kilo ngapi kwa miaka mitano? Msichana akapima. HAPANA. Akapitia upya, akapima tena. HAPANA. Kijana mmoja wa Nzuguni, ambaye wazazi wake walihamia na kazi ya serikali, alipata SAWA mara ya kwanza. Msichana alipata yake nusu saa baadaye. Tukampigia kijana makofi, na barua yenye jina lake ikapanda basi siku ileile.

Jumatatu nilifungua programu ya msichana kwa udadisi tu. Nilitaka kujua mtu hodari vile alikwama wapi. Hesabu ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu mstari mmoja ukagawanya jibu lote kwa mbili. Kando yake alikuwa ameandika: "Sijui kwa nini, ila pima inataka hivi."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nikamwita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii mbili umeitoa wapi?"

"Jibu langu lilikuwa linakataliwa, nikajaribujaribu. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwalimu. Machi, halafu Agosti tena."

Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, kwenye kahawa, na kwetu mavuno ni mara moja kwa mwaka, nami ndivyo nilivyohesabu zabibu zao. Zabibu nilizijua kwa kuzila. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani kompyuta inajua zaidi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaenda kwa mkuu wa chuo, akasema barua imeshafika na majina hayabadilishwi. Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka, wapi.

Nilichoweza ni kurekebisha majibu niliyoyaficha ndani ya pima. Nikapima programu yangu mwenyewe, ile iliyonipa majibu ya mwanzo: HAPANA. Nikamkalisha msichana mbele ya mashine. Akafuta ule mstari mmoja, akaandika pima. SAWA.

"Sasa imejua," akauliza, "au umeiambia?"

"Nimeiambia."

"Kumbe huwa inaambiwa," akasema, akainuka kwenda kumrudishia shangazi yake begi.