Koti la Ajenti na Kuvu ya Bafuni

Nilikuwa kwa ajenti wa nyumba hapa Nakuru mama mmoja alipoingia na henga tupu ya nguo.

"Boss, kuvu ya bafu imerudi. Watoto wanakohoa."

"Mathe, si tulipaka rangi? Hayo ni madoa tu, hayadhuru mtu."

"Sawa. Nipe hiyo koti yako niitundike huko bafuni mpaka Jumapili, ndio uende nayo kanisa."

Ajenti akashika kola kwa mikono miwili. Mama akazidi kumnyooshea henga.

"Sasa unataka nini?"

"Dirisha la bafuni. Rangi imetosha."

Ajenti akampigia fundi simu palepale.

Watoto walikuwa wamekohoa msimu mzima wa mvua bila fundi kuonekana. Koti kutajwa tu, ukuta unatobolewa.